Jedwali la Wimbi na Ngozi ya Mdundiko

Mdundiko, ngoma ya Wazaramo wa Kisarawe na Kibaha inayochezwa kwa kutembea barabarani huku wafuasi wakizidi kuongezeka njiani, ni miongoni mwa vyanzo vya singeli, muziki uliokulia katika mitaa ya Manzese na Tandale jijini Dar es Salaam na unaotengenezwa kwa kompyuta; hivyo lafaa kuchunguzwa jinsi mlio wa ngozi unavyoweza kuandikwa kwa tarakimu.

Njia mojawapo, ambayo Max Mathews aliitumia katika maabara za Bell nchini Marekani miaka ya 1950, ni jedwali la wimbi, yaani orodha ya namba, tuseme 256, zinazochora mzunguko mmoja wa wimbi, ambazo programu huzihifadhi ili isizikokotoe upya kila mara. Mtunzi huzijaza apendavyo, kwa kanuni ya saini (sine ya hisabati) au kwa kukata mzunguko mmoja wa sauti iliyorekodiwa, mradi namba ya mwisho ishikane na ya kwanza, la sivyo kila mzunguko huacha mkwaruzo. Wembamba au uzito wa sauti huamuliwa na hatua ya kusoma: kompyuta inayotoa namba 44,100 kwa sekunde, ikitakiwa kutoa mitetemo 100 kwa sekunde, husogea nafasi 0.58 kila mara, na ikiangukia kati ya namba mbili hukadiria thamani iliyo baina yake.

Kwa mwimbaji anayevuta irabu moja, jedwali moja hutosha kiasi. Kwa ngoma halitoshi kabisa. Mzunguko unaorudiwa bila kubadilika huzaa mitetemo iliyo mara mbili, mara tatu au zaidi ya ule wa msingi, bila sehemu, ilhali ngozi ya duara iliyowambwa sawasawa hutetema, kinadharia, kwa takriban mara 1.59, 2.14 na 2.30. Hata ngoma ikipashwa moto ili ngozi ikaze, sauti zote hupanda pamoja na uwiano huo hubaki.

Kurekodi pigo zima na kulirudia ni rahisi zaidi, ingawa pigo hilo huwa lilelile daima. Anayetaka ngoma inayobadilika na mkono wa mpigaji huweka jedwali moja tu la saini, akalisoma mara nne kwa wakati mmoja, kwa hatua za 0.58, 0.92, 1.24 na 1.33 zinazofuata uwiano wa ngozi, kila usomaji ukififia kwa kasi yake.