Jokofu la Kabatini na Joto la Garissa

Jokofu ni mtambo wa kuhamisha joto. Kimiminika maalumu huvukizwa kuwa gesi katika mabomba ya ndani na kufyonza joto la vyakula, kisha kompresa, yaani pampu iliyo nyuma upande wa chini, huibana gesi hiyo na kuisukuma hadi kwenye kondensa, yaani mabomba ya nje, ambako hutema joto hewani na kurudi kuwa kimiminika. Kazi hiyo ni nyepesi katika jiko la mji wa baridi kama Limuru. Lakini huko Garissa, mji ulio ukingoni mwa Mto Tana ambako joto la mchana hufika mara kwa mara nyuzi 35 za selsiasi na kuzidi hapo inapofika Machi, hewa inayotarajiwa kupokea joto hilo huwa tayari imeelemewa na joto lake yenyewe.

Ndiyo maana jokofu la kujengewa kabatini, linaloketi kati ya mbao pande zote na kufichwa nyuma ya mlango unaofanana na kabati nyingine, ni mgeni asiyefaa sana katika nyumba za kaskazini mashariki mwa Kenya. Jokofu la aina hiyo hupumua kupitia nafasi nyembamba zinazoachwa chini na juu ya kabati, na seremala asiyeelezwa kazi ya nafasi hizo huziziba ili jiko lipendeze, hata hewa ya moto ikabaki inazunguka mgongoni mwa mtambo. Kompresa, ambayo katika hali ya kawaida hufanya kazi kisha ikapumzika, hunguruma mchana kutwa, mafuta yake ya kulainishia hupoteza nguvu, na mwenye nyumba hugundua tatizo siku maziwa yanapoganda mtindi bila kukusudiwa.

Kabla ya kulaumu mtengenezaji, inafaa kusoma kibandiko kilichobandikwa ndani ya jokofu, kwani hapo huandikwa daraja la hali ya hewa, yaani kiwango cha joto la chumba ambacho mtambo uliundwa kukihimili. Herufi N humaanisha nyuzi 16 hadi 32, ST humaanisha 16 hadi 38, na T, ya nchi za joto, humaanisha 16 hadi 43. Jokofu la daraja N likiwekwa Garissa, Wajir au Mandera, huwa limepewa kazi ambayo halikuundiwa, na hakuna fundi awezaye kulibadilisha tabia kwa kuliongezea gesi.

Umeme nao una sehemu yake. Kabla ya njia ya kilovolti 132 kutoka Kindaruma kupitia Mwingi kufika Garissa, mji uliishi kwa jenereta za dizeli. Leo umo kwenye gridi ya taifa, na kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 hivi kilichozinduliwa Desemba 2019 kiko karibu na mji. Hata hivyo, stima ikipotea na kurudi ghafla, kompresa hulazimika kuanza upya wakati gesi bado imebanwa upande mmoja, na hapo huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, ikatoa mlio mfupi, ikazima, ikajaribu tena, mpaka siku moja nyaya zake za ndani ziungue. Kifaa cha kulinda jokofu, kinachochelewesha umeme kwa dakika chache kabla ya kuuruhusu kupita, ni rahisi mno kikilinganishwa na kompresa mpya.

Si kila jokofu linalosumbua linapaswa kutupwa. Noti ya karatasi ikibanwa mlangoni kisha ikavutika bila kukwama, raba ya mlango imechoka, na raba hubadilishwa. Gesi ikivuja, tundu kwenye bomba hutafutwa na kuzibwa kwanza, kwani kujaza gesi juu ya tundu ni kuchota maji kwa pakacha. Tena majokofu mengi mapya hutumia R600a, gesi inayoshika moto, ambayo fundi asiyeizoea hastahili kuikaribia na tochi ya kuchomelea. Lakini kompresa ikishakufa ndani ya kabati lisilopumua, kuweka nyingine ni kuipeleka kwenye kifo kile kile.

Badala yake lafaa jokofu la kusimama peke yake, la daraja T, lililoachiwa nafasi nyuma na juu, mbali na meko na dirisha la jua la alasiri. Kabati tupu linaweza kuwa stoo ya unga na mchele. Familia inayohifadhi nyama nyingi hunufaika zaidi na friza ya kulala, yenye kifuniko juu, kwa sababu hewa baridi ni nzito na haimwagiki kinapofunguliwa. Jambo hilo huonekana wazi mwezi wa Ramadhani, wakati jokofu la mlango wa mbele hufunguliwa mfululizo kwa ajili ya maji na sharubati za futari, katika saa ambazo kuta za nyumba bado zinatoa joto la mchana.

Zahanati za maeneo yasiyo na gridi zinatoa mfano wa kuvutia zaidi. Chanjo nyingi hutaka nyuzi 2 hadi 8, na kwa miaka mingi zilitunzwa katika majokofu ya mafuta ya taa au gesi ya kupikia, yasiyotabirika. Aina mpya inayopendekezwa huendeshwa na jua moja kwa moja bila betri: mchana paneli huendesha kompresa, maji yaliyozungushwa ndani ya kuta huganda, na usiku barafu hiyo hushikilia baridi. Akiba imewekwa katika barafu, na betri, ambayo ndiyo iliyokuwa ikifa mapema kwenye mitambo ya zamani ya sola, imeondolewa kabisa.

Na kwa siku zile ambazo jokofu la zamani limetolewa na jipya bado liko njiani kutoka Nairobi, jiko la Garissa lina nyirinyiri: nyama iliyokatwa vipande vyembamba, ikaanikwa juani, ikakatwakatwa tena vidogo, ikakaangwa na kuzamishwa ndani ya samli, ambayo hukaa miezi kwenye chombo kilichofunikwa vizuri, kabatini.