Usalama wa Kiwanja cha Ndege cha Tabora Huanzia Nje ya Uzio

Mwaka 1857 msafara wa Burton na Speke ulitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh, katika Tabora ya leo. Reli ya Kati ilipofika mjini mwaka 1912, miezi ikageuka siku. Sasa ndege imezifanya siku kuwa saa. Hata hivyo, kama ilivyokuwa zama za misafara, usalama wa msafiri bado hutegemea pia wenyeji waishio kandokando ya njia.

Kiwanja cha Ndege cha Tabora huendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA), ilhali Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) husimamia kanuni za usalama na huduma za kuongoza ndege. Kazi zao huonekana ndani ya uzio. Lakini hatari kadhaa huzaliwa nje yake, katika mitaa yetu.

Ya kwanza ni taka. Mabaki ya chakula na matumbo ya mifugo yakitupwa ovyo huwavuta mwewe, kunguru na korongo, nao wakivutwa na injini wanaweza kuizima. Tarehe 15 Januari 2009, jijini New York, ndege ya abiria iligonga kundi la bata bukini muda mfupi baada ya kuruka, ikapoteza nguvu ya injini zote mbili. Rubani aliitua mtoni, na watu wote 155 wakaokoka. Si kila rubani atapata mto.

Ya pili ni mifugo na njia za mkato. Ng'ombe mmoja barabarani humlazimu rubani kuahirisha kutua. Asipomwona kwa wakati, madhara hayasemeki. Kutoboa uzio ili kufupisha njia ni kumfungulia mlango ng'ombe huyo.

Ya tatu ni moshi na majengo. Uchomaji wa nyasi wakati wa kiangazi hupunguza uwezo wa rubani kuona. Vilevile, anayekusudia kujenga ghorofa au kusimamisha mnara karibu na kiwanja anapaswa kupata kwanza idhini ya TCAA kuhusu kimo, pamoja na kibali cha ujenzi cha halmashauri.

Abiria naye ana wajibu wake. Afike mapema akiwa na kitambulisho, kwani ukaguzi wa haraka haraka haumlindi yeyote. Betri za akiba na chaja za kubebeka hukaa kwenye mzigo wa mkononi, ambako moto ukizuka huonekana na kuzimwa mapema. Petroli na mitungi ya gesi havipandi ndege. Asali yetu ya Tabora ifungwe imara isivuje. Na anayeunganisha safari ya nje ya nchi aiweke katika mzigo mkubwa, kwa kuwa viwanja vingi huzuia chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100 mkononi.

Mkazi aonapo uzio uliobomolewa, mifugo iliyoingia kiwanjani au dampo lisilo rasmi, atoe taarifa mapema kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata. Ndani ya ndege inayokaribia kutua yumo mgonjwa arudiye kutoka hospitali, mwanafunzi, au jirani yake mwenyewe.