Ziada ya Alhamisi Haifidii Shoti ya Jumanne

Jioni wanapofunga, mawakala wa pesa za simu pale Darajani, Zanzibar, wana hesabu moja: noti zilizomo kwenye mtoto wa meza, ukijumlisha na floti iliyomo kwenye simu, jawabu iwe sawa na mtaji. Mteja akiweka pesa, noti huongezeka na floti ikapungua kwa kiasi hichohicho. Akitoa, huwa kinyume chake. Kamisheni inakwenda kando. Basi tuseme mtaji ni 2,000,000 na floti inasoma 1,250,000. Mkononi panatakiwa 750,000. Wakala akihesabu mara mbili na bado akakuta 800,000, asifurahi: kuna mtu ambaye 50,000 zake zimebaki hapo.

Vijana walioajiriwa kwenye vibanda hivi, na wenzao wa maduka ya vinyago na kanga njia ya Gizenga, wanajua wizi ni nini wala hawaniulizi habari zake. Wanachoniuliza ni hiki: Jumanne nilipata shoti ya 40,000, tajiri akanikata mshahara. Alhamisi imetokea ziada ya 50,000. Kuna ubaya gani nikijilipa? Na tajiri mwenyewe mara nyingi ana jawabu lake tayari: "Itie ndani, mwanangu, itafidia ile ya juzi."

Haifidii, kwa sababu wenyewe ni mbalimbali. Shoti ya Jumanne ni baina yako na tajiri, au baina yenu na mteja aliyeondoka na kingi kuliko haki yake. Ziada ya Alhamisi ni ya mtu ambaye Jumanne hakuwepo kabisa. Ukifuta moja kwa nyengine, daftari litakaa sawa, na asiyehusika atakuwa amelipa deni lako bila ya kujua. Hata kampuni za simu hazikuachiwa kuchanganya: Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inataka pesa za wateja zikae benki katika akaunti ya amana, mbali na pesa za kampuni. Kwenye kibanda, akaunti hiyo ni safu mbili katika daftari, moja ya shoti na moja ya ziada, zisizojumlishwa pamoja. Na niseme bila ya kificho: tajiri anayekata shoti kwenye mshahara na ziada akaila yeye, anamsomesha mfanyakazi wake kuficha.

Kumtafuta mwenye pesa ni kazi ya dakika chache, ikifanywa usiku uleule. Daftari la wakala lina jina, namba, kiasi na saini. Simu ina ujumbe wa kila muamala. Pitia mstari kwa mstari, kila kilichoandikwa kukiwekea alama ya ujumbe wake. Mara nyingi utakuta mstari mmoja umebaki peke yake. Mteja alileta 50,000 saa kumi, ukaandika, ukapokea noti, mtandao ukakwama, akaingia mwengine na haraka zake, na ile ya kwanza hukuituma. Huko Makunduchi kuna mtu anaitazama simu yake tangu alasiri.

Kwa mtalii ni shida zaidi. Noti ya 2,000 ina simba, na nyuma yake Ngome Kongwe ya hapahapa Forodhani. Ya 10,000 ina tembo. Mgeni anayehesabu sifuri huku akipiga bei kwa dola kichwani hukosea, tena hana jina wala namba katika daftari lako. Lakini muongoza watalii aliyemleta unamjua. Mpigie.

Wengi wetu tulisoma chuoni hukumu ya lukata, mali iliyookotwa: ujue mfuko wake na kamba iliyofungiwa, kisha uitangaze mwaka mzima. Wanavyuoni wataniambia kuwa pesa iliyobaki dukani si lukata hasa, nami nakubali, ila utaratibu wake unatufaa sana. Mfuko na kamba ni alama anazozijua mwenyewe. Kwa hivyo akija mtu kudai kuwa jana alisahau pesa, usimtajie kiasi. Yeye akutajie kiasi, saa, aina ya noti na namba aliyotaka kutuma.

Tahadhari hiyo ina kazi kubwa zama hizi za "ile pesa tuma kwa namba hii". Anayekupigia kulia kwamba amekosea namba na kutaka umrejeshee, usimtumie kitu. Tazama salio lako, usiutazame ujumbe, kwani ujumbe hughushiwa. Hata kama pesa imeingia kweli, ukimrejeshea wewe na kampuni nayo ikaurudisha muamala, umelipa mara mbili. Mwambie apige kampuni yake. Kurejesha ni wajibu, si fadhila: Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, chimbuko la sheria ya mikataba ya Zanzibar, inasema hivyo katika kifungu cha 72 juu ya aliyelipwa kimakosa. Ila kuna njia ya kurejesha.

Mwenyewe asipopatikana, pesa iingie kwenye bahasha yenye tarehe, saa, kiasi na saini za watu wawili. Wapo wanaokimbilia sanduku la msikiti usiku huohuo ili wapumue. Nia yao naijua, lakini huko ni kutoa sadaka mali ya mtu ambaye pengine hajagundua kuwa imempotea.

Na tajiri akishikilia itiwe kwenye mtaji? Usigombane naye. Andika: "Imetiwa kwenye mtaji kwa amri ya mwenye duka", weka tarehe, umpe kalamu atie saini. Wengi wakifika kwenye saini huuliza ile bahasha iko wapi.