Kukatisha utafutaji hakufuti mafaili
Na Mwandishi Wetu

WATUMIAJI wengi wa kompyuta hushikwa na hofu pale wanapokatisha utafutaji wa faili, kisha dirisha zima likafungika ghafla na aikoni zilizokuwa kwenye kioo zikatoweka. Wapo wanaodhani kazi zao zote zimefutika, wakakimbilia kuchomoa waya wa umeme. Ukweli ni kwamba kwa kawaida mafaili huwa salama. Kilichokufa ni programu moja tu, na hasara mara nyingi huletwa na huko kuchomoa waya.

Programu hiyo ni msimamizi wa mafaili, yaani ile inayoonyesha folda na vilivyomo ndani yake. Katika Windows ni Explorer, iliyoanza na Windows 95 mwaka 1995. Katika mifumo ya Linux yenye mazingira ya GNOME ni Nautilus, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2001.

Karani na tarishi

Kupekua diski yenye maelfu ya folda huchukua muda. Iwapo sehemu ya programu inayochora dirisha ndiyo ingefanya upekuzi huo, dirisha lingeganda hadi kazi iishe. Kwa hiyo watengenezaji huigawa kazi: sehemu moja humhudumia mtumiaji, nyingine hutafuta.

Mfano wake ni karani wa ofisi anayemtuma tarishi masjala kuleta majalada, akimwandalia meza ya kuyaweka. Mteja akisema hayahitaji tena, karani huiondoa meza. Lakini tarishi bado yuko masjala. Asipopewa habari, atarudi na mzigo na kuutua pale meza ilipokuwa.

Katika kompyuta, meza hiyo ni eneo la kumbukumbu ya muda. Mtumiaji akibonyeza kitufe cha kusitisha, eneo hilo huachiwa litumike kwa mambo mengine. Sehemu inayotafuta ikirejea na kuligusa, hukuta taarifa zisizoihusu, huzichukulia kuwa ni anwani sahihi, na kuelekezwa mahali isiporuhusiwa kufika. Hapo mfumo endeshi huiua programu nzima papo hapo.

Ndiyo maana hitilafu hii haijitokezi kila mara. Utafutaji ukimalizika nukta chache kabla ya kitufe kubonyezwa, hakuna kinachotokea. Kutegemea huko kwa bahati ya wakati huifanya iwe ngumu kunaswa hata na watengenezaji makini.

Tiba yake ina sehemu mbili. Kwanza, anayetafuta hana budi kukagua mara kwa mara kama ameamriwa kuacha. Pili, eneo la kumbukumbu lisiachiwe mpaka kila anayelitumia awe amemaliza. Kwa upande wa GNOME, nyenzo rasmi ya kusitisha kazi kwa utaratibu huo iliingizwa mwaka 2008 katika maktaba ya GIO.

Kwa nini aikoni hutoweka

Explorer ya Windows hubeba pia aikoni za kwenye kioo na ule mwambaa wa chini, hivyo inapokufa vyote hupotea kwa muda. Nautilus nayo ilikuwa ikichora aikoni hizo hadi kazi hiyo ilipoondolewa katika toleo la 3.28 la mwaka 2018.

Kutafuta ni kusoma tu. Hakubadilishi kilichomo katika diski. Aidha, kila programu ina eneo lake la kumbukumbu, hivyo barua iliyofunguliwa katika programu nyingine haiguswi. Tofauti ni pale ambapo msimamizi huyo huyo wa mafaili alikuwa akinakili au kuhamisha mafaili: kazi hiyo hukatika njiani na inapaswa kukaguliwa.

Yanayomkuta mtumiaji yakitokea, jambo la kwanza ni kuhifadhi kazi zilizo wazi kwa vitufe vya Ctrl na S. Kisha asubiri kidogo, kwani mara nyingi programu hujianzisha yenyewe. Katika Windows ikichelewa, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, aanzishe kazi mpya na kuandika neno explorer.

Anayekumbwa na tatizo hilo mara kwa mara anashauriwa kusasisha programu na kuwaarifu watengenezaji, akitaja toleo analotumia na hatua alizofuata kabla ya dirisha kufungika. Kosa ni la programu, si la aliyebonyeza kitufe.