Akili Bandia na Kosa la Mwanafunzi: Mambo ya Kuzingatia Katika Ufundishaji wa Kiswahili Chuoni

Utangulizi

Tangu programu ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, kazi zinazoletwa na wanafunzi wa vyuo vikuu zimebadilika sura. Insha zilizokuwa zikija na makosa ya tahajia na ya upatanisho wa kisarufi sasa huja safi, aya zimepangwa na hitimisho limekaa mahali pake. Mhadhiri anaweza kusahihisha rundo zima bila kuigusa kalamu nyekundu. Kwa mtazamo wa haraka hayo ni maendeleo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini sisi walimu wa Kiswahili nchini Uganda tunapaswa kuyatazama kwa makini zaidi, na hatua zipi zinaweza kuchukuliwa darasani bila kuifukuza teknolojia yenyewe.

Suala hili lina uzito wa pekee hapa kwetu. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukitumia Kiswahili kama lugha rasmi ya Jumuiya, na likapendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watakaolitekeleza pendekezo hilo ni wanafunzi walioketi katika kumbi zetu za mihadhara leo. Mwalimu huyo mtarajiwa atasimama mbele ya darasa akiwa na chaki na ulimi wake. Insha aliyoandikiwa na programu haitamsaidia hapo.

1. Programu hizi zinaandikaje?

Katika maandishi ya Kiswahili teknolojia hii huitwa akili bandia, akili unde au akili mnemba. Hapa tutatumia jina la kwanza. Programu za aina ya ChatGPT zimelishwa matini nyingi mno kutoka vitabuni na mtandaoni. Kutokana na matini hizo zimejifunza kukadiria ni kipande gani cha neno kina uwezekano mkubwa wa kufuata kingine, na huendelea hivyo kipande kwa kipande mpaka jibu likamilike. Hazitumii kanuni za sarufi kama tunavyozifundisha. Neno "hatukumwambia", ambalo mwanafunzi wa mofolojia angelichanganua kuwa ha-tu-ku-mw-ambi-a, programu hulikata kwa kufuata vipande vinavyojitokeza mara nyingi katika matini, hata kama mipaka yake hailingani na mofimu.

Aidha, sehemu kubwa ya matini hizo ni ya Kiingereza, na Kiswahili kina sehemu ndogo tu. Ndiyo maana Kiswahili cha programu huweza kuwa sahihi kwa tahajia huku sentensi zake zikinuka tafsiri.

2. Kosa lina kazi gani?

Mwaka 1967 mwanaisimu S. Pit Corder alieleza kwamba makosa ya mwanafunzi wa lugha yana manufaa: humwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi, na humsaidia mwanafunzi mwenyewe kuipima dhana yake kuhusu lugha anayojifunza. Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda anaufahamu ukweli huo kwa mifano ya kila siku.

Tumchukue mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Luganda. Katika tahajia ya Luganda, r huandikwa baada ya irabu e na i, na l huandikwa kwingineko. Si ajabu basi akiandika "habali", "kalibu" na "kuludi", au akisema kwamba wananchi wamepiga "kula". Kosa hilo lina kanuni nyuma yake, na mwalimu anayeijua kanuni hiyo anajua pa kuanzia.

Tumchukue sasa mwanafunzi anayetumia Kiacholi, Kilango au Kilugbara. Lugha hizi si za Kibantu, na hazina mfumo wa ngeli kama wa Kiswahili. Mwanafunzi huyu ataandika "kitabu yangu" na "viti mingi". Mwenzake wa Luganda hasumbuliwi sana na jambo hilo, kwani ngeli alizinyonya kwa mama yake.

Wanafunzi hawa wawili wanahitaji masomo mawili tofauti. Lakini wakipitisha kazi zao katika programu, karatasi mbili zitakazomfikia mhadhiri zitafanana. "Habali" imegeuzwa kuwa "habari", na "kitabu yangu" imekuwa "kitabu changu", kimyakimya. Kosa limeondoka kwenye karatasi na kubaki kinywani. Hasara ya kwanza ya akili bandia katika somo letu iko hapa, kabla hata hatujazungumzia udanganyifu: mwalimu amenyimwa habari za mwanafunzi wake.

3. Programu nayo hukosea

Wanafunzi wengi huamini kwamba kilichoandikwa na kompyuta kimehakikiwa. Yafaa waonyeshwe kwamba sivyo. Mfano mzuri ni saa. Programu ikipewa sentensi ya Kiingereza yenye saa za Kizungu huweza kuleta "saa nane asubuhi" mahali pa "saa mbili asubuhi". Mwanafunzi wa Luganda ana silaha nyumbani ya kulinasa kosa hilo, kwani kwao pia saa hiyo huitwa ssaawa bbiri.

Mfano wa pili ni kiambishi a- cha nafsi ya tatu umoja, ambacho hakibagui mume na mke. Programu inapotafsiri kwenda Kiingereza hulazimika kuchagua, na mara nyingi humfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke. Mfano wa tatu ni fasihi. Ukiiuliza kuhusu riwaya isiyoandikiwa uhakiki mwingi, huweza kukutajia wahusika wasiokuwamo, pamoja na marejeleo ya vitabu ambavyo havijawahi kuchapishwa, yote kwa lugha ya kujiamini.

4. Je, tutumie programu za kuwanasa wanafunzi?

Baadhi ya wahadhiri wameweka matumaini yao katika programu zinazodai kutambua maandishi ya akili bandia. Kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kitambuzi chake Januari 2023. Katika majaribio yake yenyewe ya matini za Kiingereza kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikayashuku kimakosa asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Julai mwaka huohuo kiliondolewa kwa kukosa usahihi.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2023 uliongeza jambo la kutia wasiwasi. Vitambuzi 7 vilipewa insha za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Sababu ni kwamba anayeandika kwa lugha ya pili hutumia msamiati mdogo na miundo ya kawaida, na vitambuzi huihesabu hali hiyo kuwa dalili ya mashine. Takribani wanafunzi wetu wote wanaandika Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu. Kumfelisha mwanafunzi kwa ushahidi wa aina hiyo ni dhuluma.

5. Hatua zinazopendekezwa

(a) Insha ya kwanza ya kila muhula iandikwe darasani kwa mkono. Isitolewe alama, lengo ni mhadhiri ayaone makosa ya kila mwanafunzi na kuyaweka kwenye kumbukumbu.

(b) Kazi ya nyumbani iambatane na maelezo ya mdomo ya dakika chache. Mwanafunzi aeleze hoja yake na kufafanua maneno aliyoyatumia. Kwa darasa kubwa, wachaguliwe wachache kila wiki bila kutangaziwa mapema.

(c) Wanafunzi wapewe matini ya Kiswahili iliyoandikwa na programu, waisahihishe na kutaja kanuni iliyovunjwa. Zoezi hili linafaa sana katika somo la tafsiri. Mhadhiri akiichapisha matini mwenyewe, asiye na simu ya kisasa au fedha za intaneti hatabaki nyuma.

(d) Programu itumike kwa mazoezi, si kwa kuandika. Mwanafunzi wa Gulu au Arua asiye na wa kuzungumza naye Kiswahili jioni anaweza kuiagiza impe sentensi ishirini za ngeli ya KI-VI, azijaze, kisha imwonyeshe alipokosea na sababu yake. Majibu yenye shaka ayalete darasani.

Hitimisho

Akili bandia haitarudi ilikotoka, na kuipiga marufuku kutawafundisha wanafunzi kuificha tu. Swali la kujiuliza kila tunapotunga zoezi ni hili: je, zoezi hili litaniwezesha kuyaona makosa ya mwanafunzi mwenyewe? Ikiwa haliwezi, libadilishwe. Wahadhiri watakaoanza na hatua ya (a) muhula ujao wanaombwa kulinganisha makosa watakayoyakusanya kwa kufuata lugha za kwanza za wanafunzi. Orodha hiyo itakuwa msingi mzuri wa mazoezi ya pamoja ya idara.