Abaya ya Dubai na joto la Kilombero

Ndugu Waislamu, abaya nyeusi zitokazo Dubai zimefika hadi Kisawasawa, na wapo mabinti wanaoona haya kwenda darsani bila kuwa nazo. Sharia imeamrisha nini? Surat An-Nur, aya ya 31, imetaja kusitiri mapambo na kuteremsha shungi hadi kifuani. Haikutaja rangi wala aina ya kitambaa. Nguo iwe pana, isioneshe mwili. Poliesta nzito katika joto la bonde hili ni adha tu. Mpelekeeni fundi pamba nyepesi, aishone kwa mshono huohuo, mikono aipunguze upana isije ikashika moto jikoni. Na waume wasimlaumu mke aliyejitanda kanga mbili akaenda shambani kupandikiza mpunga, huyo amejisitiri.