Unataka Kuongezea Prosesa Mbio? Soma Hii Kabla Uichome

Umeona zile video za majamaa wakimwaga naitrojeni ya majimaji juu ya prosesa, mvuke unatoka kama wa jiko la nyama choma, alafu namba inapanda mpaka gigahezi nane. Hizo weka kando. Hayo ni mashindano, na hiyo mbio inashikilia dakika kadhaa tu. Hapa tunabonga kuhusu mashine ya mezani iko kejani kwako, ile unachapa nayo gemu usiku na mchana unakata video za wateja. Hiyo ikiungua, hakuna mtu atakutumia M-Pesa ununue ingine.

Kwanza tuelewane kuovakloki ni nini. Prosesa inafanya kazi kwa mdundo, kama ngoma. Mdundo wa msingi ni megahezi 100, alafu kuna kizidishi. Chukua Ryzen 5 3600, ilitoka 2019 na bado ni fiti. Kizidishi cha 36 kinakupa gigahezi 3.6, na ikiamua kukaza yenyewe inaweza kugusa 4.2. Kuovakloki ni kushika hicho kizidishi na kukipandisha juu ya penye kiwanda kiliacha. Ni hivyo tu, hakuna uchawi.

Ngori inaanza na volteji. Ukiongeza mbio, prosesa inataka volti zaidi ndio isiyumbe. Na volti ndizo huleta joto, tena si kidogo kidogo. Umeme wenye prosesa inakula unafuata mbio, mara volteji, mara volteji tena. Tuseme ilikuwa inatulia kwa gigahezi 3.9 na volti 1.2. Wewe ukaisukuma hadi 4.2 kwa volti 1.35. Mbio imeongezeka kama asilimia 8. Joto na umeme? Kama asilimia 36. Piga hiyo hesabu tena polepole, ju hapo ndipo wasee wengi huchomekea: wanaangalia namba ya gigahezi pekee.

Mashine yako inakubali kweli?

Hapa wengi wataniskia vibaya. Kama ulinunua zile za ex-UK, Dell OptiPlex ama HP EliteDesk zenye zimejaa Luthuli Avenue na Moi Avenue, sahau. Hizo zilitengenezwa kwa maofisi. Prosesa ndani huwa imefungwa, na hata ukibadilisha prosesa, bayosi yake haina hiyo setingi. Usikubali fundi yeyote akuambie atakufungulia kwa thao mbili.

Kwa upande wa Intel, tafuta herufi K mwisho wa jina, kama i5-12600K. Na hiyo K pekee haitoshi, mazabodi lazima iwe ya herufi Z, kama Z690. Ukiweka K kwa mazabodi ya B ama H, umelipia kitu hutatumia. AMD ni wapole zaidi: karibu Ryzen zote za mezani ziko wazi, bora mazabodi iwe B450, B550, X570 na ndugu zao. A320 na A520 hapana. Na kuna zingine kama 5800X3D zenye kizidishi chake kimefungwa kabisa, so angalia kabla utoe doh.

Kabla uguse chochote

Uliza kama prosesa ndiyo inakuvuta nyuma. Fungua gemu, angalia kazi ya kadi ya grafiksi. Ikiwa inasoma asilimia 98 ama 99 wakati wote, kadi ndiyo imechoka. Utapandisha prosesa hadi ulie na gemu itabaki vile vile.

Alafu angalia ram. Hii ndiyo inaniuma nikiona. Msee amenunua ram ya 3200, akaichomeka, na miaka miwili baadaye bado inakimbia 2133 ama 2400, ju hakuna mtu alimwambia awashe XMP kwa bayosi. Mazabodi zingine za AMD zinaiita DOCP, na zile za DDR5 EXPO. Ni setingi moja tu, na Ryzen hasa inaskia tofauti ya ram. Kama uko na kipande kimoja cha ram, ongeza cha pili kinachofanana nacho kabla ufikirie ovakloki. Mara nyingi hapo tu mashine inaanza kupumua tofauti.

Tatu, vumbi. Fungua boksi, toa vumbi, futa ile pesti ya zamani imekauka kati ya prosesa na kipozaji, weka mpya kiasi cha punje ya njegere. Kama bado unatumia kile kipozaji kidogo kilikuja na prosesa, wacha mbio kama zilivyo. Hicho kilitengenezwa kwa kazi ya kiwanda, si kwa tamaa yako.

Na kumbuka kipozaji hakipoeshi chini ya joto la chumba. Setingi ya msee wa Limuru mwezi wa saba haiwezi kuwa setingi yako kama uko Mombasa mwezi wa pili. Chumba kikipanda digrii 10, prosesa nayo inapanda kama 10. Kunakili namba za mtu wa Kanada mwenye barafu dirishani ni kujitafutia.

Sasa tuguse

Pakua HWiNFO ya kusoma joto na Cinebench ya kuikaza prosesa. Zote ni za bure. Endesha Cinebench kabla ya kubadilisha kitu, andika alama na joto la juu kabisa. Bila hiyo namba ya kwanza hutajua kama umesaidia ama umeharibu. Kama hata sai inapita digrii 85, kazi yako ni kipozaji. Funga bayosi uende ulale.

Alafu weka kazi ya wateja mahali pengine, kwa diski ya nje ama mtandaoni. Hii si story ya kutisha. Ovakloki isiyotulia haizimi mashine kila mara. Wakati mwingine inakosea hesabu kimya kimya, na faili inaharibika bila wewe kujua mpaka siku mteja anaitaka.

Ingia bayosi kwa kubonyeza Delete ama F2 mashine ikiwaka. Kama uko kwa Ryzen, jaribu kwanza PBO, yaani acha prosesa ijipandishe yenyewe ila uilegezee mipaka. Mimi naipendelea kuliko kuweka namba kwa mkono, na sababu ni hii: ukifunga 3600 kwa 4.1 kwa kori zote, umeua ule uwezo wake wa kugusa 4.2 kwa kori moja. Kwa gemu zingine unaweza kujikuta umerudi nyuma na joto juu.

Ukiamua bado mkono, panda pole. Megahezi 100 kwa wakati mmoja. Washa, endesha Cinebench dakika 10, soma joto, rudi. Usiwache volteji kwa Auto, ju mazabodi zingine zikiona umepandisha kizidishi zinamwaga volti bila huruma. Kwa Ryzen 3000 mimi mstari wangu ni volti 1.3 ikiwa imefungwa pahali pamoja, na joto lisipite 85, hata kama kiwanda kinasema mwisho ni 95. Utaona HWiNFO ikisoma 1.4 na zaidi ukiwa unavinjari tu, kabla hata uguse setingi. Usishtuke. Hiyo ni ya kori moja kwa sekunde kidogo, mzigo ukiwa mwepesi. Kuiwekea kori zote 1.4 usiku mzima ni kitu kingine kabisa.

Ukifika penye inaganda ama inakupa ile skrini ya bluu, usiikabe na volti zaidi. Rudi hatua moja, alafu rudi ingine kwa usalama. Hapo sasa ndio uiweke kwa OCCT ama Prime95 masaa kadhaa. Kupita Cinebench mara moja si kutulia.

Na ikikataa kuwaka kabisa? Tulia, hujaua kitu bado. Zima, toa waya wa stima, toa ile betri ya mviringo CR2032 kwa mazabodi dakika chache, rudisha. Setingi zinarudi za kiwanda.

Kuhusu stima: ikipotea ukiwa unabadilisha setingi za kawaida, hakuna noma. Ikipotea katikati ya kuapdeti bayosi yenyewe, unaweza kubaki na tofali. Usiapdeti bayosi siku ya mvua na ngurumo bila UPS. Na ile pawa saplai imeandikwa wati 600 lakini ni nyepesi kama mkate, hiyo badilisha kabla ya kila kitu kingine. Ikilipuka inaenda na wenzake.

Kama bado unafikiria volti ni mchezo, angalia Intel. Mwaka 2024 wenye i9-13900K na i9-14900K walilia mashine zao zinazima zima gemuni, wengine hawakuwa wameguza setingi yoyote. Intel ikakubali kwamba msimbo ndani ya prosesa ulikuwa unaitisha volteji ya juu kupita kiasi. Agosti wakatoa marekebisho ya bayosi na wakaongeza waranti miaka miwili. Lakini marekebisho hayakurudisha zile zilikuwa zimeharibika, hizo zilibidi zibadilishwe. Hao walikuwa na waranti ya kukimbilia. Wewe ukiovakloki mwenyewe na prosesa ikife kwa sababu hiyo, Intel na AMD wote wanasema hiyo ni juu yako, na kwa AMD hata ile PBO imehesabiwa humo.

Kuna njia ingine wasee hawaongelei sana: kushusha volti badala ya kupandisha. Kwa Ryzen 5000 kwenda juu inaitwa Curve Optimizer, na unaanza na hasi 10 kwa kori zote. Prosesa ikipata baridi zaidi inajipandisha yenyewe, feni zinanyamaza, na token inakaa. Pima nayo vile vile masaa kadhaa, ju ukizidisha hasi itaanguka mashine ikiwa imekaa tu bila kazi, na hiyo huchanganya watu sana.